Salio lipo, kadi inakataa: jinsi kadi ya kujaza inavyofanya kazi

Kadi ina salio la shilingi 30,000 za Tanzania. Huduma ya mtandaoni inauzwa dola 10 kwa mwezi. Ukichukulia dola moja ni shilingi 2,600, bei inatoka shilingi 26,000 na chenji inabaki. Unaingiza namba, unabonyeza kulipa, jibu linarudi: muamala umekataliwa. Unajaribu tena, na tena. Unapiga simu huduma kwa wateja, unaambiwa kadi yako haina tatizo lolote. Hapo ndipo watu wengi wanapohitimisha kwamba kadi hizi ni za kitapeli, au kwamba kuna mtu amekula hela.

Mara nyingi hakuna aliyekula hela. Kilichokosekana ni maelezo, na kosa hilo ni la wanaotoa kadi kuliko la wanaozitumia. Ujumbe wa "muamala umekataliwa" hauelezi chochote, wakati mfumo uliokataa unaijua sababu kwa uhakika.

Tuanze na maana. Kadi ya malipo ya kabla, ambayo katika makala hii tutaiita kadi ya kujaza, ni kadi isiyolipa kitu mpaka uiwekee fedha kwanza. Kadi ya kawaida ya benki, ile ya ATM, inakata moja kwa moja kwenye akaunti yako. Kadi ya mkopo inakulipia leo, wewe unailipa benki baadaye. Kadi ya kujaza inakata kwenye fungu ulilolitenga, na fungu likiisha, basi. Inaweza kuwa ya plastiki, au ikawa kadi mtandao: namba 16, tarehe ya mwisho na namba tatu za usalama, vyote vikiwa kwenye simu tu. Huko Kenya, Safaricom na Visa walizindua kadi ya namna hiyo mwaka 2022, yenye kukata kwenye salio la M-Pesa, na kampuni za simu na benki za Tanzania nazo zina za kwao.

Fedha haziko ndani ya kadi

Hili likieleweka, mengine yote yanafuata. Fikiria umemwachia mwenye duka wa mtaani shilingi 50,000 mwanzoni mwa mwezi, akaandika jina lako kwenye daftari. Kila mtoto akienda kuchukua unga au sukari, mwenye duka anafungua daftari, anaangalia kilichobaki, anapunguza. Mtoto hakubeba hela. Alichobeba ni utambulisho tu: "nimetumwa na mama fulani." Kadi yako ndiye huyo mtoto. Hela ziko kwa mwenye daftari, na mwenye daftari ni mtoaji wa kadi.

Ugumu unatokea kwa sababu duka unalonunua na daftari lako viko mbali, pengine bara tofauti. Kwenye njia hiyo wanahusika wanne. Yupo muuzaji. Ipo benki ya muuzaji, ile inayompokelea malipo. Upo mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, ambao hauna fedha yako hata senti moja. Kazi yake ni kupeleka ujumbe na kuweka kanuni. Mwisho yupo mtoaji wa kadi. Ukibonyeza kulipa, swali linatoka kwa muuzaji, linapita kwa benki yake, linaingia kwenye mtandao, linafika kwa mtoaji: kadi hii ni halali, na ina kiasi hiki? Jibu linarudi njia ileile, kwa kawaida ndani ya sekunde chache.

Mtandao unajuaje mtoaji ni nani? Kwa tarakimu za mwanzo za namba ya kadi. Visa huanza na 4. Mastercard huanza na 5 au 2. Zamani tarakimu sita za mwanzo ndizo zilizomtambulisha mtoaji. Tangu Aprili 2022 mitandao hiyo mikubwa imehamia kwenye tarakimu nane. Tarakimu hizo hizo humwonyesha muuzaji kwamba kadi ni ya kujaza, na ndiyo maana kampuni nyingi za kukodisha magari huikataa hata ikiwa imejaa. Zinataka kadi ambayo zinaweza kuikata baadaye gari likirudi limegongwa, na fungu lililotengwa haliwapi uhakika huo.

Ile shilingi 30,000 ilikwenda wapi?

Haikwenda popote. Haikutosha. Bei ya dola 10 mara nyingi haijajumuisha kodi. Tangu 2022 Tanzania inazitoza kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali kodi ya ongezeko la thamani, na kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, asilimia 18, bei inakuwa dola 11.80. Kwa shilingi 2,600 hiyo ni shilingi 30,680, na tayari salio limepitwa. Bado mtoaji wa kadi hajaongeza chake cha kubadilisha fedha. Tukichukulia anaongeza asilimia 3, jumla inafika kama shilingi 31,600.

Muuzaji anapouliza, mfumo haujibu "yamepungua 1,600, ongeza." Unajibu ndiyo au hapana. Hakuna nusu malipo kwa manunuzi mengi ya mtandaoni.

Kanuni inayofaa: kwa malipo ya dola, jaza angalau robo zaidi ya bei unayoiona, na usitumie kiwango cha dola ulichokiona kwenye utafutaji wa intaneti. Hicho ni kiwango cha katikati ya soko. Mtoaji wa kadi anakuuzia dola kwa bei yake, na bei hiyo ndiyo unayopaswa kuiulizia.

Sababu nyingine za kukataliwa zina namba zake ndani ya mfumo. Namba 51 maana yake salio halitoshi. 54, kadi imepita tarehe. 14, namba ya kadi si sahihi. 57, aina hiyo ya malipo hairuhusiwi kwa kadi hiyo. Tovuti za kamari ni mfano wa kawaida. 61, umevuka kikomo cha kiasi. 91, mtoaji hakupatikana, yaani mfumo wake ulikuwa chini wakati swali linafika. 05 ndiyo inayoudhi kuliko zote kwa sababu maana yake ni "usiikubali" bila sababu, na mara nyingi inatoka kwenye mitambo ya kuzuia udanganyifu. Ukipiga simu huduma kwa wateja, usiulize "kwa nini kadi haifanyi kazi." Taja tarehe, saa, kiasi na jina la muuzaji, kisha omba usomewe namba ya jibu la muamala huo. Swali hilo moja linaweza kukuokolea mazungumzo ya siku tatu.

Ikiwa jibu ni 91, subiri ujaribu baadaye. Ikiwa ni 51, ongeza salio. Ikiwa ni 05, acha kujaribu mfululizo: majaribio mengi ndani ya dakika chache yanafanana na tabia ya mwizi anayebahatisha, na kadi inaweza kufungwa kabisa.

Kuna pia suala la anwani. Tovuti nyingi, hasa za Marekani, Uingereza na Kanada, hulinganisha anwani unayoandika na ile iliyo kwa mtoaji. Andika anwani uliyosajilia kadi, pamoja na postikodi ya tarakimu tano kama mtoaji wako anaitumia. Kubuni anwani ya New York kwa sababu fomu imeandikwa kwa mtindo wa Kimarekani ni njia ya haraka ya kukataliwa.

Kushikiliwa si kukatwa

Hapa ndipo kadi ya kujaza inapoumiza kuliko kadi nyingine, kwa hiyo tukae kidogo.

Malipo ya kadi yana hatua mbili. Ya kwanza ni idhini: mtoaji anakubali, na papo hapo anatenga kiasi hicho ili usikitumie kwingine. Kwenye daftari, kiasi hicho kimewekewa duara, hakijafutwa. Ya pili ni kulipana: muuzaji anawasilisha hesabu yake, mara nyingi siku moja hadi tatu baadaye, ndipo fedha zinahama kweli. Katikati ya hatua hizo fedha ni zako kisheria lakini huwezi kuzigusa.

Chukua hoteli. Chumba ni dola 60, na hoteli inaongeza dola 40 za tahadhari ya uharibifu. Kadi uliyoijaza dola 100 sasa haina kitu cha kutumia. Siku ya kuondoka unalipa dola 60 kwa fedha taslimu mapokezi, unadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Zile 100 bado zimeshikiliwa mpaka hoteli itume ujumbe wa kuziachia, au muda wa idhini uishe wenyewe. Muda huo unategemea kanuni za mtandao na mtoaji. Unaweza kuwa siku saba, na kwa baadhi ya hoteli na magari ya kukodi hadi siku 30. Mwenye kadi ya mkopo hasikii maumivu hayo, maana kilichoshikiliwa ni sehemu ya kikomo chake cha mkopo. Wewe umeshikiliwa nauli ya kurudi.

Dawa yake ni kumwambia mtu wa mapokezi, kabla hujaondoka, afute idhini ile kwenye mfumo, na kumwomba risiti inayoonyesha imefutwa. Akikataa au akisahau, mtoaji wako anaweza kuiondoa tu baada ya hoteli kuthibitisha kwa maandishi kwamba haitadai.

Toleo dogo la jambo hilo ni ile dola moja inayokatwa unapoandikisha kadi kwenye tovuti au duka la programu. Ni jaribio la kuona kama kadi iko hai, na kwa kawaida inarudi. Lakini kadi yenye salio sifuri itashindwa jaribio hilo, na utaambiwa kadi ni batili wakati ni tupu tu. Jaza kwanza, andikisha baadaye.

Je, kadi ya kujaza inaweza kwenda chini ya sifuri? Wengi huambiwa haiwezekani. Inawezekana. Kiasi cha kulipana kinaweza kuwa kikubwa kuliko kiasi cha idhini. Mgahawa wa Marekani unaomba idhini ya dola 40, mteja anaandika bakshishi ya dola 8, hesabu inayowasilishwa ni 48. Bei ya dola nayo inaweza kupanda kati ya Ijumaa ya idhini na Jumatatu ya kulipana. Mtoaji hulipa, kisha hukata deni hilo ukijaza tena. Ukiona umejaza 20,000 ikaonekana 17,500, tazama kwanza kama ulikuwa na deni la namna hiyo kabla ya kushuku wakala.

Fedha za kurudishiwa

Ukirudisha bidhaa au ndege ikifutwa, marejesho huenda kwenye namba ileile ya kadi iliyolipa. Si kwenye namba ya simu, si kwenye akaunti nyingine. Hii inawapata vibaya watu wenye mazoea ya kufuta kadi mtandao kila baada ya manunuzi. Fedha hazipotei, zinafika kwa mtoaji na kukaa kwenye hesabu ya kusubiri, kwa sababu namba iliyotajwa haina mwenyewe aliye hai. Ili zikufikie, mwombe muuzaji namba ya rejea ya marejesho iliyotolewa na benki yake, yenye tarakimu 23, umpe mtoaji wako. Kwa namba hiyo fedha zinafuatiliwa zilipo. Bila hiyo, unamwomba mtu atafute sindano kwenye mchanga wa Coco Beach.

Kwa hiyo usifute kadi mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite. Kama unaogopa wizi, isimamishe tu kwenye programu. Kadi nyingi zilizosimamishwa hukataa malipo lakini hupokea marejesho.

Na usajili wa kila mwezi? Namba tatu za usalama hazihitajiki kwa makato yanayojirudia, kwa sababu muuzaji haruhusiwi kuzihifadhi baada ya idhini ya kwanza. Ndiyo maana hata kadi ambazo namba hizo hubadilika kila mara huendelea kukatwa. Ghairi kwanza kwa muuzaji, pata uthibitisho, halafu ndipo usimamishe kadi. Kuiacha tupu kunazuia makato, ila muuzaji anaweza kuendelea kujaribu, na siku ukijaza kwa ajili ya jambo lingine, anakuwahi.

Namba za kadi zinazouzwa mitandaoni

Kuna vikundi vya Telegram na WhatsApp vinavyouza programu za "kutengeneza kadi zenye hela." Ni uongo, na unaweza kuuthibitisha kwa kalamu na karatasi. Tarakimu ya mwisho ya kadi huwekwa kwa hesabu aliyoibuni mhandisi wa IBM, Hans Peter Luhn, katika miaka ya 1950, kwa lengo la kukamata makosa ya kuandika. Ukianzia kulia, acha tarakimu ya kwanza, zidisha ya pili kwa mbili, acha ya tatu, zidisha ya nne, hivyo hivyo. Zao likizidi 9, toa 9. Jumlisha zote. Jumla ikigawanyika kwa 10 bila baki, namba imepita.

Jaribu 4111 1111 1111 1111, namba inayotumiwa na waandaaji wa programu kwa majaribio. Zinazozidishwa ni 4 na moja saba: 8 na 14, jumla 22. Zilizobaki ni moja nane. 22 na 8 ni 30. Imepita. Hata hivyo nyuma yake hakuna hela, kwa sababu hakuna daftari lolote lenye jina hilo. Programu zile hutengeneza namba za aina hiyo kwa maelfu. Wanunuzi hulipia hewa, na anayejaribu kuzitumia anaacha alama za jaribio la wizi kwa jina lake na simu yake.

Upande wa pili, hakuna mtoaji atakayekupigia simu kuomba namba ya uhakiki iliyotumwa kwenye ujumbe mfupi. Namba hiyo ndiyo idhini yenyewe. Kumsomea mtu ni sawa na kumlipia.

Kadi za usafiri ni hadithi nyingine

Nimesema fedha haziko kwenye kadi. Kadi za usafiri ndizo zinazovunja kanuni hiyo. Basi au kivuko hakiwezi kusubiri jibu kutoka kwenye kituo cha data wakati abiria mia wamepanga foleni na mtandao unayumba. Oyster ya London, iliyoanza 2003, huandika salio ndani ya chipu. Kifaa kinasoma, kinapunguza, kinaandika salio jipya, bila kuuliza mtu. Octopus ya Hong Kong, ya tangu 1997, inafanya vivyo hivyo. Nakala ya miamala hupelekwa kwenye mfumo mkuu baadaye, na nakala hiyo ndiyo inayowezesha kadi iliyosajiliwa kufungwa ikipotea na salio kuhamishwa. Isiyosajiliwa ni sawa na noti: aliyeiokota ndiye mwenye nauli.

Tofauti nyingine ni kwamba kadi hizo ni za mfumo funge. N-Card, kadi ya nauli inayokuvusha Kigamboni kwa kivuko jijini Dar es Salaam, hailipi hoteli Nairobi, kwa sababu haipiti Visa wala Mastercard. Mfumo funge una gharama ndogo, lakini ukiwa na mingi sokoni unachosha. Nairobi ilijifunza hilo kwenye matatu, yaani daladala za Kenya: kadi ya nauli ya BebaPay, ya Google na Equity Bank, ilianza 2013, serikali ikataka nauli zote ziwe za kadi kuanzia Julai 2014, makondakta na wenye magari wakaendelea kupokea taslimu, na kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa. Abiria hakuwa tayari kugawa nauli yake kwenye kadi tofauti kwa kila njia, na kondakta hakutaka hesabu yake iende moja kwa moja kwa tajiri.

Nani hasa ameshika hela yako?

Jina lililochapishwa mbele ya kadi si lazima liwe la mtoaji. Juni 2020, kampuni ya Kijerumani Wirecard ilipoanguka kwa kukosekana euro bilioni 1.9 kwenye hesabu zake, mamlaka ya fedha ya Uingereza ilisimamisha kwa siku chache kampuni tanzu ya Wirecard iliyokuwa ikitoa kadi za kujaza kwa niaba ya majina mengine. Watu wa Uingereza ambao hawakuwahi kusikia Wirecard waliamka kadi zao hazinunui hata maziwa. Fedha zao zilikuwa zimetengwa kando na mali za kampuni, na huduma ikarudi, lakini kwa siku hizo mwenye kadi hakuwa na pa kwenda.

Kwa Tanzania na Kenya, sheria zinadai fedha za wateja wa pesa za simu zikae kwenye akaunti za amana katika benki, mbali na fedha za uendeshaji wa kampuni. Tanzania ina Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, Kenya ya 2011. Kadi inayokata kwenye salio la simu inalindwa kwa msingi huo. Ukipewa kadi na programu usiyoijua, tafuta maandishi madogo nyuma ya plastiki au chini ya masharti: "imetolewa na" nani, kwa leseni ya nani. Kusipokuwa na benki wala kampuni iliyosajiliwa inayotajwa, usijaze zaidi ya unachotaka kutumia siku hiyo.

Mwisho, tarehe iliyo kwenye kadi. Ni tarehe ya mwisho ya kadi, si ya fedha. Kadi ikiisha muda, salio linabaki kwenye daftari la mtoaji na unaweza kulidai kwa kadi mpya au kwa kurudishiwa kwenye simu au akaunti, ukiwa na kitambulisho ulichosajilia. Angalia tu ada ya kutotumia: baadhi ya watoaji hukata kiasi kidogo kila mwezi kadi isipotumika, na salio la shilingi 8,000 lililosahaulika linaweza kumalizika taratibu bila wewe kununua kitu. Ada hiyo huandikwa kwenye jedwali la makato, na kama kadi yako inayo, hamisha salio mapema kabla haijaanza kukatwa.